Longonot: Kutwa Nzima Kwenye Ukingo wa Kasoko

Mlima Longonot umesimama ndani ya Bonde la Ufa, si pembeni mwake. Mandhari ya bonde hilo ambayo wengi wameizoea ni ile inayotazamwa kutoka juu ya ukuta: msafiri anayetoka Nairobi kwenda Naivasha husimamisha gari kwenye vibanda vya wauza ngozi za kondoo, akachungulia bonde lililolala chini, akapiga picha, akaendelea na safari yake. Kwa aliye pale, Longonot ni kama kichuguu kikubwa kilichokatwa kichwa na kuachwa peke yake uwandani. Kwa aliyeukwea mlima wenyewe mambo hugeuka. Ukuta wa mashariki huwa upande wake mmoja, ukuta wa magharibi upande wa pili, naye yuko katikati, juu ya kitu kilichochomoza kutoka kwenye ufa wenyewe. Si pengi nchini Kenya ambako mtu anaweza kuondoka nyumbani alfajiri, akaliona bonde kwa namna hiyo, na usiku uleule akalala kitandani mwake.

Kilele chake kina mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Mlima uko Kaunti ya Nakuru, kusini-mashariki mwa Ziwa Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kwa barabara kutoka Nairobi. Eneo lake la kilomita za mraba 52 lilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na msimamizi wake ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS. Jina limetokana na neno la Kimaasai, Oloonong'ot, linalofasiriwa kuwa mlima wa migongo mingi mikali. Anayeutazama kutoka barabara ya Mai Mahiu asubuhi, jua likiwa bado la upande, huona mara moja kwa nini Wamaasai waliuita hivyo. Ubavu mzima umechanika makorongo kuanzia ukingoni hadi chini, na baina ya korongo na korongo pamebaki mgongo mwembamba, kama mikunjo ya kanga iliyoshikwa katikati ikaachwa idondoke.

Hesabu ya safari ni rahisi kuikariri. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Kurudi langoni ni 3.1 nyingine, jumla kilomita 13.4. Lango lenyewe liko juu tayari, kwa hiyo kutoka hapo hadi kileleni mkwezi hupanda kama mita 600 tu. Takwimu hizi hazimtishi mtu, na hapo ndipo lilipo tatizo. Mkazi wa Nairobi huzisoma akaona ni matembezi ya Jumapili, akaja na chupa moja ya maji na viatu vya mpira vya kwendea dukani. Longonot si mlima mrefu, lakini ni mgumu, na ugumu wake umo katika vitu viwili ambavyo takwimu hazivitaji: udongo uliouumba na umbo la ukingo wake. Vyote viwili havieleweki bila kujua mlima ulivyotokea.

Longonot ni volkeno. Ganda la dunia katika Afrika Mashariki linavutwa pande mbili: bamba la Nubia kwa magharibi na bamba la Somalia kwa mashariki yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Mvuto huo ukiendelea kwa mamilioni ya miaka, ganda huwa jembamba, hukatika kwa nyufa ndefu zinazokwenda sambamba, na kipande kilicho katikati ya nyufa hizo hudidimia. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory, aliyefika hapa mwaka 1893, alieleza kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto wala barafu bali lilizama, na tawi hili la mashariki mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Pale ganda lilipokuwa jembamba, mawe yaliyoyeyuka yalipata njia ya kupanda juu. Ndiyo maana sakafu ya bonde katika sehemu hii imepangika milima ya moto kama mafiga: Suswa, Longonot, Olkaria, Eburu, Menengai.

Longonot unaoonekana leo umejengeka juu ya kaburi la mlima mwingine. Palikuwa na volkeno pana zaidi mahali hapo, ambayo ilirusha majivu na mawe kwa wingi hata chumba cha mawe yaliyoyeyuka kilichokuwa chini yake kikabaki kitupu, na paa la chumba hicho likaporomoka. Tukio hilo linakadiriwa kutokea miaka 21,000 hivi iliyopita. Liliacha bakuli kubwa lenye upana wa kilomita nane kwa 12, na mabaki ya kingo zake bado yanaonekana kama matuta ya chini kuzunguka mlima. Ndani ya bakuli hilo mlima mpya ulianza kuota, tabaka juu ya tabaka, hadi nao ukapasuka kichwa na kubaki na kasoko ya sasa yenye kipenyo cha kilomita 1.8 hivi. Mbavuni zipo ndimi nyeusi za lava ambazo hata vichaka havijazifunika vizuri. Wazee wa Kimaasai walihifadhi kumbukumbu ya mlipuko wa karne ya 19, na wanajiolojia huuweka karibu na mwaka 1863. Kwa umri wa milima, hiyo ni jana.

Wala moto haujazimika. Vipimo vya satelaiti vilionyesha kwamba kati ya mwaka 2004 na 2006 ardhi ya Longonot iliinuka kwa kama sentimita tisa, kisha ikatulia. Hakuna mkwezi aliyeweza kulihisi hilo chini ya miguu yake. Kinachoonekana kwa macho ni mvuke: asubuhi ya baridi, kabla jua halijaingia ndani ya kasoko, nyuzi nyeupe huonekana zikifuka kwenye kuta zake, na jua likipanda hupotea machoni ingawa matundu yanaendelea kupumua.

Jiwe linalookotwa kando ya njia huwa jepesi kuliko jicho linavyotarajia. Lina rangi ya kijivu, limejaa vitundu kama mkate, na likitiwa kwenye ndoo ya maji huelea. Ni lile lile linalouzwa sokoni la kusugulia visigino. Vitundu vyake ni viputo vya gesi vilivyogandishwa. Lava ya Longonot ni ya aina iitwayo trakaiti, nzito mno kutiririka kama uji mwepesi, kwa hiyo gesi iliyomo hushindwa kutoka polepole na badala yake hulipuka, ikarusha povu la mawe na majivu angani. Mlipuko mmoja baada ya mwingine uliufunika mlima kwa vumbi hilo. Katikati ya mawe mepesi hutokea pia vipande vyeusi vinavyong'aa, vyenye makali kama chupa iliyovunjika. Hicho ni kioo cha volkeno, obsidiani. Watu wa kale waliokaa kuzunguka Naivasha na Eburu walikichonga kuwa visu na vichwa vya mikuki maelfu ya miaka kabla ya chuma kufika.

Udongo wa namna hii haushikani. Wakati wa kiangazi husagika kwa nyayo ukawa laini kama unga wa mahindi, na mguu huzama hadi kwenye kifundo. Mvua ikinyesha, maji hayanywei taratibu bali hutafuta upenyo, yakachimba, na kila msimu mfereji huongezeka kina. Mwezi Machi 2018 ufa mkubwa ulikatiza barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, karibu na Suswa, na habari zikaenea duniani kwamba Afrika imeanza kupasuka vipande viwili. Kupasuka kwa bara ni kweli, lakini ni kazi ya mamilioni ya miaka. Wanajiolojia wengi waliouchunguza ufa ule waliona sababu ya karibu zaidi: mvua kubwa ilikuwa imeosha majivu ya volkeno yaliyojaza nafasi za chini ya ardhi, na tabaka la juu likaporomoka. Mkwezi wa Longonot hutembea juu ya majivu ya aina hiyohiyo saa zote za safari yake.

Njia kutoka langoni huanza kwa upole. Kilomita ya kwanza hupita kwenye migunga na vichaka vya leleshwa, mmea wenye majani ya kijivu upande wa juu na meupe upande wa chini. Jani lake likifikichwa hutoa harufu kali ya kafuri, nao Wamaasai wamelitumia kwa vizazi kama manukato ya kwapani. Twiga, pundamilia na swala huonekana hapa mara kwa mara. Nyati nao wamo, na kwa sababu yao ni busara kutotoka nje ya njia hata kama kichaka kinaonekana kitupu.

Kisha mlima huanza kudai haki yake. Njia huingia kwenye mifereji iliyochimbwa na maji na miguu ya watu kwa pamoja, mahali pengine kuta zake zikafika kiunoni na kupita. Upepo hauingii humo, vumbi haliondoki, na jua la saa tatu tayari ni kali. Kwenye mwinuko wa majivu makavu kila hatua ya mbele hurudi nyuma kidogo, ndiyo maana kilomita 3.1 za hapa si sawa na kilomita 3.1 za barabarani. Anayejitahidi kupiga hatua ndefu huchoka kabla ya nusu ya njia. Hatua fupi, unyayo wote ukikanyaga kwa wakati mmoja, ndiyo inayoufaa udongo huu, kwa kuwa uzito ukigawanyika unyayo mzima majivu hayakatiki chini ya ncha ya kiatu. Kuna vibanda vya kupumzikia njiani, na sehemu zilizozidi kwa mwinuko zimejengewa ngazi. Ngazi zimepunguza utelezi, ingawa magoti ya wengi huzichukia kuliko vumbi, maana humlazimisha kila mtu kuinua mguu kwa kimo kilekile, awe mrefu au mfupi.

Ukingo hauonekani mpaka mtu aufikie. Kwa muda wa saa nzima au zaidi mbele yake pamekuwa na ubavu wa mlima na anga tu. Halafu hatua moja inayofuata ardhi inakwisha, na badala yake pana shimo la karibu kilomita mbili kwa upana, kuta zake zikishuka wima, na chini kabisa msitu wa kijani uliosongamana kana kwamba mtu ameusukumia humo kwa makusudi. Uwanda wa nje ni mkavu, rangi ya simba. Ndani ya kasoko ni mbichi. Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883, aliupanda mlima huu, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1885 alisimulia jinsi shimo hilo lilivyomvuta kwa nguvu hata akahisi hamu ya kujitupa ndani. Msitu huo si wa milele. Mwezi Machi 2009 moto wa nyika uliuwakia mlima na kuingia hadi ndani ya kasoko, na nyasi na vichaka viliteketea kwa siku kadhaa kabla ya kuzimwa.

Wengi huishia hapa. Wamekaa juu ya mawe, wamekula mkate na ndizi, wamepiga picha, kisha hugeuka. Hakuna aibu katika hilo, na kwa watoto wadogo au mtu aliyemaliza nusu ya maji yake ndio uamuzi wa akili. Lakini ndipo safari yenyewe inapoanza.

Ukingo wa kasoko hauko sawa kama ukingo wa sufuria. Umepanda na kushuka kama meno ya msumeno, na kilele cha mlima ni jino mojawapo, lile refu, lililoko upande wa magharibi. Ndiyo maana kilomita 7.2 za mzunguko huchosha kuliko zinavyosikika: mkwezi hupanda mita nyingi ambazo huzipoteza tena mara moja, akazipanda upya. Anayefika ukingoni na kushika mkono wa kulia hukutana na kilele mapema, akiwa bado na nguvu, na sehemu kubwa ya njia iliyobaki baada ya hapo humshusha. Anayeshika kushoto huupata mpando mkali mwishoni, jua likiwa utosini na chupa zikiwa nyepesi. Kuna wanaopendelea kushoto kwa sababu miteremko ya kuelekea huko si mikali sana kwa magoti. Kwa mgeni, kulia ni bora.

Mahali pengine njia ya ukingoni ni nyembamba, kasoko kwa upande mmoja na ubavu wa nje kwa upande wa pili, na kinachomtenganisha mtu na vyote viwili ni mfereji wa majivu unaopitisha miguu miwili tu kwa upana. Hapa mikono hutumika. Mizizi na mawe yaliyoshikamana hushikiwa, lakini jiwe la Longonot lisishikwe kabla halijajaribiwa, kwa kuwa mengi yamepachikwa kwenye majivu tu. Upepo huongezeka kadiri saa zinavyokwenda, na ukiwa wa kubisha humsukuma mtu pasipo taarifa. Sehemu hizi hazihitaji kamba wala ujuzi wa kupanda majabali. Zinahitaji mtu asimame anapotaka kutazama na atazame chini anapotembea, na asipige picha huku anarudi kinyumenyume.

Kutoka kileleni bonde lote husomeka. Kaskazini-magharibi linatandazika Ziwa Naivasha, uso wake ukiwa kwenye kama mita 1,890, karibu mita 900 chini ya aliyesimama. Ziwa hilo lina fumbo linalofumbulika vizuri zaidi kutoka juu. Halina mto unaotoka humo, na kwa kawaida ziwa la namna hiyo katika Bonde la Ufa huwa la magadi, kama Nakuru na Elementaita. Lakini maji ya Naivasha ni baridi, yanamea mafunjo na kulea viboko. Sababu ni kwamba maji hutoroka kwa chini, yakipenya kwenye mawe na majivu ya volkeno, na kubeba chumvi pamoja nayo. Zamani, hali ya hewa ilipokuwa na mvua nyingi zaidi, ziwa lilikuwa kubwa kuliko sasa na lilifurika kuelekea kusini. Maji yake ndiyo yaliyochonga korongo la Njorowa, ambalo leo ni moyo wa Hifadhi ya Hell's Gate na huonekana kama mpasuko wa rangi nyekundu magharibi mwa mlima. Kando ya ziwa kuna mabati meupe ya kung'aa, au hivyo ndivyo mgeni anavyodhani. Ni mapaa ya plastiki ya mashamba ya maua, ambako hutoka waridi zinazosafirishwa hadi Ulaya.

Nyuma ya korongo hilo hupanda moshi mweupe usiozimika. Ni mvuke wa Olkaria, ambako Kenya ilianza kuzalisha umeme wa jotoardhi mwaka 1981. Anayeketi kwenye ukingo wa Longonot akitazama mvuke huo yuko juu ya joto la asili moja: kule limechimbiwa visima na kufungwa kwenye mitambo, huku linajitokea lenyewe kwenye kuta za kasoko. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo somo la jiolojia linaeleweka kwa kutazama tu upande mmoja na kisha upande wa pili.

Kusini kuna Suswa, mpana na wa chini, wenye kilele cha mita 2,356. Magharibi upeo unafungwa na ukuta wa Mau. Ila ni ukuta wa mashariki unaostahili kukaliwa na kutazamwa kwa muda, kwa sababu unaonyesha bonde lilivyozama. Haukukatika kwa pigo moja. Kutoka milima ya Nyandarua nchi inashuka hadi uwanda wa Kinangop, ulionyooka kama rafu na wenye mashamba ya viazi na kabichi. Kutoka ukingo wa Kinangop inashuka tena hadi sakafu ya bonde. Kila ngazi ni ufa mmoja, na kila ufa ulishusha kipande chake kwa wakati wake.

Chini ya ukuta huo, kusini kidogo, uko mji wa Mai Mahiu, jina la Kikikuyu lenye maana ya maji ya moto. Barabara inayoteremkia hapo ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Italia wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 bado lipo kando ya barabara. Makorongo yanayoonekana kama michirizi myembamba kwenye ukuta hupitisha maji kwa nguvu ambayo kutoka mbali haiwezi kukisiwa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, baada ya mvua za wiki kadhaa, maji yaliyokuwa yamezibwa juu huko yalipasua njia na kushuka kwenye kijiji cha Kamuchiri karibu na Mai Mahiu, yakaua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Uzuri wa bonde na hatari yake vimetoka kwenye mteremko uleule.

Mandhari hii yote haipatikani saa yoyote. Jua likishapasha uwanda joto, vumbi hupanda na ukungu wa kiangazi hufunika upande wa Mau. Kufikia saa sita mara nyingi kilichobaki ni vivuli. Saa mbili unusu hadi saa nne na nusu asubuhi ndio wakati ambapo ziwa, korongo na kuta zote mbili huonekana kwa mistari yake. Anayeutaka wakati huo lazima awe langoni linapofunguliwa, saa 12 asubuhi au muda mfupi baadaye.

Muda wa safari unaweza kukadiriwa kwa kanuni iliyotolewa na mkwea milima Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 13.4 ni saa mbili na dakika 40 hivi. Mita 600 za kwenda kileleni, zikijumlishwa na zile zinazopotezwa na kupandwa tena ukingoni, huongeza saa moja na nusu. Hesabu inafika saa nne na ushei, bila kupumzika, bila kula, na kwenye ardhi iliyoshikamana. Kwa majivu ya Longonot na kwa mtu wa afya ya kawaida, saa tano hadi sita ni makadirio ya kweli zaidi, na kundi hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa.

Mwili una hesabu yake pia. Kwenye mita 2,776 mkandamizo wa hewa ni kama asilimia 71 ya ule wa pwani. Mtu aliyetoka Mombasa jana yake huvuta pumzi ileile lakini hupata oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo. Moyo hufidia kwa kwenda mbio, na ndiyo maana hutweta mapema kuliko mwenzake wa Nairobi au Nyahururu. Kimo hiki kwa kawaida hakileti ugonjwa mkali wa milimani kwa safari ya saa chache, ila maumivu ya kichwa hutokea, na mara nyingi kiu ndiyo chanzo. Hewa kavu na upepo hukausha jasho kabla mtu hajalihisi. Mlima hauna kijito wala bomba juu ya lango. Lita mbili kwa mtu mzima ndicho kiwango cha chini, na siku ya jua kali lita tatu si nyingi. Chumvi iende pamoja na maji: karanga, njugu au viazi vilivyochemshwa na kutiwa chumvi hufanya kazi vizuri kuliko biskuti za sukari.

Jua linastahili kuogopwa kuliko baridi. Longonot uko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, ukingo hauna kivuli cha maana, na miale inayounguza ngozi huongezeka kadiri mtu anavyopanda. Upepo wa ukingoni hupoza ngozi na kumdanganya mtu kwamba haungui. Kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu huokoa zaidi ya mafuta yoyote. Kitambaa cha kufunika pua husaidia kwenye mifereji, hasa mtu akitembea nyuma ya kundi kubwa.

Miezi mikavu, Januari hadi mwanzo wa Machi na Juni hadi Septemba, ina vumbi jingi lakini njia inapitika. Kwenye mvua za masika na za vuli majivu hushikana na kupandika vizuri kwa siku zenye manyunyu tu. Mvua kubwa ikishuka, mifereji ya njia huwa mito. Hatari nyingine ya msimu huo ni radi. Dhoruba hujengeka alasiri, na mtu aliye ukingoni ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwa kilomita kadhaa. Wingu jeusi likianza kusimama juu ya Mau, wakati wa kushuka umefika, hata kama kilele kiko hatua mia mbele.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu wengi. Kwenye kupanda misuli ya paja hujikunja ikisukuma. Kwenye kushuka hurefuka huku ikizuia uzito wa mwili mzima, kazi inayoijeruhi zaidi, na maumivu yake hufika kesho yake au keshokutwa. Fimbo moja au mbili hupunguza mzigo wa magoti. Viatu vifungwe kwa nguvu upande wa kifundo ili vidole visigonge mbele. Vijana hupenda kuteleza kwenye majivu kwa kukimbia, na kwa kweli majivu humbeba mtu vizuri, mpaka kisigino kikutane na jiwe lililofichika.

Mkato wa njia una madhara yanayodumu kuliko kidonda. Nyasi zinazokanyagwa nje ya njia hufa, na majivu yakibaki uchi mvua ya kwanza huyachimba. Mifereji kadhaa inayoonekana sasa kando ya njia kuu, sambamba nayo kama alama za kucha, ilianza kwa mtu mmoja aliyetaka kuokoa hatua ishirini, na wengine wakamfuata. Kuweka mawe na matawi kwenye midomo ya mikato hiyo hupunguza kasi ya maji. Kuurudisha udongo uliokwisha kwenda hakuwezekani.

Njia ya mwisho hupita tena kwenye leleshwa, alasiri, jua likiwa nyuma ya mlima na kivuli cha ubavu kimefunika vichaka. Saa hizo wanyama hutoka kulisha. Twiga huvuka njia bila haraka, na anayerudi amechoka, macho chini, huweza kuwafikia karibu sana kabla hajawaona. Kwa twiga inatosha kusimama na kungoja wapite. Kwa nyati, umbali ulindwe kwa kurudi nyuma polepole na kumwita askari wa hifadhi. Ifikapo saa 12 jioni kila aliyeandikishwa kuingia anatakiwa awe amehesabiwa langoni.